Kiti cha Ziwa

Saa tatu na dakika kumi asubuhi mkanda wa makaa ulisimama, na kijiji kizima cha Ndingali kikashtushwa na ukimya.

Mkanda wetu una urefu wa nusu kilomita. Unaanzia kwenye rundo la makaa ya mawe nyuma ya kilima, unapita juu ya nguzo, unashuka hadi gatini ambako matishari husubiri. Kutwa unanguruma kama mashine ya kusaga iliyosahaulika bila kuzimwa. Watoto waliozaliwa tangu bandari ifunguliwe hulala kwa ngurumo ile. Ikikatika, huamka na kulia. Asubuhi hiyo walianza kulia watoto, kisha vikafuata vigelegele vya akina mama, nyumba kwa nyumba, mpaka vikafika kibandani kwangu ufukweni.

Mimi sikupiga kigelegele. Nilikuwa nimekodolea macho kioo cha mashine. Nukta arobaini, ambazo kwa kawaida ni buluu, zote zilikuwa nyekundu.

Kila nukta ni kome mmoja. Kome wenyewe wako kwenye vizimba vya waya, mita mbili chini ya maji, mbele ya gati. Kwenye gamba la kila mmoja kumebandikwa uzi mwembamba kuliko unywele, nao unapima jinsi gamba linavyofunguka. Kome akiwa na amani hukaa wazi kidogo, anavuta maji na kuyatoa, lita nyingi kwa siku, na kila kilichomo ndani ya maji hayo humpitia mwilini. Akionja kitu kibaya hufunga. Hajui sheria, hamwogopi meneja, wala hana ndugu anayetafuta kazi bandarini. Kwa hiyo waliotunga sheria waliona yeye anafaa kulisemea ziwa. Kome thelathini wakifunga kwa dakika kumi, mkanda unasimama wenyewe, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuuwasha mpaka baraza likae.

Katika baraza hilo ziwa lina kiti. Ni kiti cha kweli cha mbao, na hakuna anayekikalia. Juu yake huwekwa bakuli la maji yaliyochotwa siku hiyo hiyo, na nyuma yake husimama mnenaji, yaani mtu aliyeapa kusema kile maji yalichosema, pamoja na sababu yake kama anaijua.

Mnenaji wa Ndingali ni mimi, Restituta Mahundi. Nilipewa kazi hii miezi mitano baada ya kumaliza chuo, na siku ya kiapo nililia mbele za watu, jambo ambalo kijiji bado kinanitania.

Vigelegele vilikuwa na maana. Kome wakifunga mara tatu katika msimu mmoja wa mvua, mkanda wa wazi hauruhusiwi tena. Bandari lazima ijenge mkanda uliofunikwa, na mpaka ujengwe hakuna kupakia. Mara ya kwanza ilikuwa Novemba, baada ya mvua kubwa. Ya pili ilikuwa wiki mbili baadaye. Hii ilikuwa ya tatu.

*

Nilichukua chupa zangu nikaingia majini mpaka kifuani. Ilikuwa Desemba, ziwa limerudi nyuma kama kila mwaka, na ile ghuba ndogo penye vizimba ilikuwa imetulia kama maji ya karai.

Jambo la kwanza lililonisumbua lilikuwa uangavu wake. Mara mbili zile za kwanza maji yalikuwa kama chai ya rangi, na vidoleni yaliacha unga mweusi. Safari hii niliona miguu yangu mwenyewe hadi kucha.

Niliporudi kibandani nikapima. Maji yaliyoguswa na makaa yana alama zake. Salfeti hupanda, asidi huongezeka, maji hupitisha umeme kwa wepesi zaidi, na zikitafutwa kwa makini huonekana chembe za metali nzito. Nilipima mara mbili. Salfeti ilikuwa ya kawaida. Asidi ilikuwa imezidi kidogo tu. Makaa hayakuwemo. Mashine ilipomaliza orodha yake ya kawaida ikaanza ile ndefu, ya vitu ambavyo havitarajiwi, na kwenye mstari wa kumi na tisa ikasimama na kuandika: sianidi.

Nililitazama neno lile. Chuoni tulifundishwa kulihusisha na migodi ya dhahabu, na hapa kwetu hakuna dhahabu. Kisha upepo mdogo ukaingia mlangoni kutoka upande wa matete, na pua yangu ikajua kabla ya kichwa. Ilikuwa harufu ya uchachu, nzito, ya siku ya tatu. Nimekulia ndani ya harufu hiyo.

Nyuma ya matete, hatua sitini kutoka kwenye vizimba, nilikuta viroba vya mihogo vimezamishwa na kugandamizwa kwa mawe. Nilihesabu thelathini na saba. Muhogo wetu ni ule mchungu, ambao hauliwi mpaka uvundikwe siku tatu majini ili sumu yake itoke. Kwenye maji yanayotembea sumu hiyo hupotea bila kumdhuru hata kiluwiluwi. Kwenye ghuba iliyotulia, viroba thelathini na saba kwa pamoja, haikuwa na pa kwenda isipokuwa kwa kome wangu.

Ndingali kila mwanamke hufunga kiroba chake kwa kipande cha kitenge chake kilichochakaa, ili siku ya kuopoa pasiwe na ugomvi. Sikuhitaji kuuliza vya nani. Kile cha mbele kabisa kilifungwa kwa kitenge cha kijani chenye ndege weupe. Nilibebwa mgongoni kwa kitenge hicho.

*

Mama mkubwa Osmunda ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Nilimkuta uani akichambua usipa, dagaa wa ziwa letu, uso umemjaa furaha, na kabla sijakaa akaniambia kwamba leo nitakula nyumbani, hakuna cha kazi. Alisema wanawake wote wanakuja, kwamba wameshakubaliana kunishonea gauni, maana mnenaji wa ziwa hawezi kwenda barazani na suruali ile ya matope kama fundi wa pikipiki.

Nikamuuliza kuhusu viroba.

Hakuficha. Alieleza kwa utulivu, huku mikono ikiendelea na usipa, kwamba kwa miaka yote wamevundika kijitoni Mbukwa, upande wa pili wa kilima. Lakini tangu mvua zianze, mihogo ya Mbukwa inatoka na weusi, na ugali wake una ladha ya chuma. Kwa hiyo wiki hii wakashauriana. Wakakumbuka nilivyowaeleza mkutanoni kwamba kome hawakai wazi kwenye maji mabaya. Wakaenda kibandani kwangu siku nisiyokuwepo, wakachungulia dirishani, wakaona nukta zote buluu.

"Tukasema, kama kome wa Resti wanakunywa hapo, hapo ndipo penye maji safi kuliko pote," alisema. "Tukahamia kwenye maji yenye mlinzi."

Nilimwambia kuhusu sumu ya muhogo, kuhusu ghuba, kuhusu mstari wa kumi na tisa. Mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo si makaa," alisema.

"Si makaa, mama."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Akausukuma usipa kando. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu ya shule, kama kome walifunga au hawakufunga. Nikajibu kwamba walifunga. Akauliza ni wangapi. Nikasema wote.

"Basi kesho simama useme: walifunga, wote arobaini. Hapo umedanganya nini?"

Nilijua, kama yeye alivyojua, kwamba makaa yanatuumiza kweli. Nilikuwa na vipimo vya Novemba. Nilikuwa nimewaona samaki wadogo wameelea tumbo juu. Mkanda ukifunikwa, ziwa litapona, na kilichosimama kati ya ziwa na kupona kwake kilikuwa ni mimi kumaliza sentensi yangu au kuikata katikati. Nani angeumia? Mama mkubwa aliliona wazo hilo usoni pangu, na hakulisukuma zaidi. Alinifungia usipa kwenye jani nikaondoka nao. Sikuuonja.

Njiani nilikutana na meneja wa bandari, Bwana Luvanda, akitembea kwa miguu kuja kibandani. Ni mtu wa milimani, mrefu, mwenye koti hata wakati wa joto, na kijiji humtania kwamba ametumwa na baridi. Alinisalimia kwa heshima. Akasema amekuja kuniambia jambo moja tu. Sheria inampa haki ya kuleta mpimaji wa pili kutoka mkoani, na wakubwa zake wamemtaka aitumie.

"Nimewaambia sitaitumia," alisema. "Mara mbili ulizosema ni makaa, nilikwenda kupima mwenyewe kwa siri. Ulikuwa sahihi mpaka kwenye nukta ya desimali. Kesho ukisema ni makaa, binti yangu, mimi nitafunga mkanda na kuwalipia vijana wa upakiaji nauli za kurudi kwao. Sitauliza."

Angenitishia ingekuwa rahisi zaidi. Nilimshukuru nikaingia ndani, nikafungua ramani ya vizimba kwenye kioo. Nilikitafuta kijito Mbukwa. Hakikuwemo. Kinatiririka nyuma ya kilima, chini ya rundo la makaa, kisha kinaingia ziwani ng'ambo ya rasi ambako maji yake hayawezi kuwafikia kome wa gatini. Walioichora ramani walihesabu maji yanayoguswa na meli. Maji yanayoguswa na mihogo hawakuyajua. Na pale chini kulikuwa na sahihi mbili za kuthibitisha kwamba ramani imekamilika: moja ya Bwana Luvanda, na nyingine ya kwangu, yenye mkia wa madaha niliojifunza wiki ile niliyopata kazi. Mimi niliyevundika mihogo Mbukwa tangu nikiwa na miaka sita.

*

Baraza lilikaa kesho yake, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa shule. Kiti cha ziwa kilikuwa mahali pake, na bakuli juu yake. Mwenyekiti, Bi. Kolumba Nombo, hakimu mstaafu mwenye sauti ndogo inayowafanya watu wainame mbele kumsikia, alifungua kikao kwa maneno yale yale ya siku zote: kwamba asiyeweza kusema amepewa wa kumsemea, na anayemsemea asimwongezee wala asimpunguzie.

Nilisimama nyuma ya kiti. Wanawake walijaza safu za mbele. Gauni walikuwa wameshalishona usiku ule ule; nilikuwa nimelivaa.

Nikasema kwamba kome wote arobaini walifunga jana saa tatu asubuhi. Ukumbi ukaguna kwa kuridhika, na Bwana Luvanda akafumba macho. Pale ndipo sentensi ingeweza kuisha. Nilitazama bakuli. Maji yalikuwa angavu mpaka chini, kama nilivyoyaona ghubani.

"Sababu ninaijua," nikasema. "Si makaa. Ni mihogo iliyovundikwa ghubani."

Sitasimulia kelele zote zilizofuata. Mtu mmoja nyuma aliuliza bandari wamenipa nini. Mwingine akasema elimu imenilewesha. Wanawake wa mbele waliinamisha vichwa wakatazama magoti yao, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama mkubwa aliinuka, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akatoka nje bila kunitazama.

Bi. Nombo aliacha kelele ziishe zenyewe, na zilichukua muda mrefu. Kisha akatamka uamuzi: tukio hili halihesabiwi, msimu unabaki na mara mbili, mkanda uwashwe. Bwana Luvanda alinong'ona kwenye simu yake ya mkononi, na baada ya dakika chache ngurumo ikarudi, mpaka madirisha ya ukumbi yakatetemeka. Niliisikia kwenye nyayo.

Ndipo mwenyekiti akaniuliza kama nina lingine. Nikasema ninalo. Nikaanza kueleza kwa nini viroba vilihamishwa, na kuhusu kijito kisichokuwepo kwenye ramani, na sahihi yangu. Nilikuwa bado naeleza mlango ulipofunguliwa.

Mama mkubwa aliingia na beseni kichwani, maji yakimchuruzika mabegani. Alipita katikati ya ukumbi, akaja moja kwa moja kwenye kiti cha ziwa, akasogeza bakuli kwa kiwiko na kuliweka beseni kando yake. Ndani yake kulikuwa na mihogo iliyomenywa. Ilikuwa ya kijivu, na kwenye mikunjo yake kulikuwa na mistari myeusi kama uchafu wa chini ya kucha.

"Hii niliisahau Mbukwa wiki iliyopita," alisema, akiniangalia mimi peke yangu. "Ya ghubani umeshaisema. Haya, sema na hii."

Ukumbi mzima ulinisubiri. Ningeweza kusema ni makaa. Macho yangu yaliona, pua ilinusa, na kila mtu pale angeniamini upya kwa mara moja.

"Sijaipima, mama," nikasema. "Siwezi kusema nisichokipima. Nipe mpaka kesho."

Aliguna. Sijui mpaka leo kama ilikuwa hasira au kitu kingine. Bwana Luvanda aliinuka kwenye nafasi yake, akaja mpaka kwenye beseni, akachukua kipande kimoja na kukivunja. Akafuta kidole kwenye shati lake jeupe, makusudi au bila kufikiri, na alama ikabaki kifuani. Ramani haiwezi kubadilishwa bila sahihi mbili. Akaomba kalamu.

*

Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa Mbukwa na kome kumi kwenye ndoo.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nimetoa kome ishirini vizimbani, na baada ya kuwatembeza wote nikawarudisha kumi ghubani, ambako viroba vilikuwa vimeshaondolewa na upepo wa usiku umeyasukuma nje maji machafu. Kumi wengine niliwaweka kijitoni, katika kizimba kipya kilichounganishwa na mkanda. Wote ishirini walitolewa siku moja, walibebwa kwenye ndoo moja, walitikiswa sawa. Kome anayehamishwa hufunga kwa woga. Sheria humpa saa moja aamue kama atayaamini maji mapya. Akikataa, hilo nalo ni neno la ziwa, na mkanda husimama kama kwa kome wa gatini. Nilikagua kijito juu na chini kwa umbali wa mita mia tatu. Hapakuwa na kiroba hata kimoja.

Wanawake walikuja mmoja mmoja wakasimama ukingoni, mbali kidogo nami. Hawakunisalimia. Nyuma ya kilima mkanda ulinguruma bila kupumzika, kana kwamba jana haikuwepo.

Baada ya dakika kumi na nane, kome wa kwanza wa ghubani alifungua. Niliona nukta yake ikigeuka buluu kwenye kioo cha mkononi. Kufikia nusu saa wote kumi walikuwa wamefungua.

Wa Mbukwa walibaki wekundu.

Mama mkubwa aliacha wenzake, akashuka mpaka nilipokaa, akaketi kwenye jiwe lililokuwa jirani. Aliuliza wale wekundu maana yake nini. Nikamweleza. Akauliza wanaweza kukaa hivyo kwa muda gani bila kupumua. Nikasema wanaweza siku nzima, lakini wanaumia.

Tukatazama pamoja. Nilidhani ningekuwa nawaombea wasifungue, maana nilijua wote waliosimama nyuma yetu wanaingoja ile mara ya tatu. Lakini kadiri dakika zilivyokwenda niligundua kwamba ninawabembeleza moyoni wafungue. Nilitaka maji ya Mbukwa yawe mazuri. Nilitaka tuwe tumekosea, mihogo iwe imechafuka kwa jambo dogo, na kijito nilichochezea utotoni kiwe hakijaharibika. Dakika ya hamsini nukta moja ilififia, ikataka kuwa buluu, nami nikashika mkono wa mama mkubwa. Kome yule alikuwa ameonja. Akafunga tena, kwa nguvu zaidi.

Saa ilitimia.

Ng'ambo ya kilima ngurumo ilishuka sauti, ikakwaruza, ikakatika. Ilichukua muda masikio kuzoea. Tukaanza kusikia kijito chenyewe, kinavyopita kwenye mawe, sauti niliyokuwa nimesahau kwamba ninaijua.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Wanawake walikuwa wakitazama maji waliyokuwa wamevundikia chakula cha watoto wao msimu mzima.

Nikaanza kuandika vipimo, lakini mama mkubwa alinigusa bega. Alikuwa amekunja kitenge chake mpaka magotini, mguu mmoja tayari uko kijitoni.

"Tuwatoe, mwanangu," alisema. "Wameshasema."